Kuaga na Kuagana: Mgeni wa Kujitolea katika Historia ya Kolwezi na Mutoshi

Katika Kiswahili, kuaga ni tendo la mmoja. Kuagana ni la wawili. Kiambishi -an- humpa mwenyeji naye nafasi: asindikize, atume salamu, aulize siku ya kurudi. Tofauti hiyo ya kisarufi inaangaza sehemu ya historia ya Kolwezi na ya mgodi jirani wa Mutoshi, ambao enzi ya Union Minière uliitwa Ruwe.

Shirika la Peace Corps la Marekani liliundwa mwaka 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuwapokea vijana wake. Zaire iliwapokea kuanzia 1970. Walifundisha shuleni na kuhimiza ufugaji wa samaki vijijini. Muda wa kazi ulikuwa miaka miwili. Kwa hiyo siku ya kuagana ilijulikana tangu siku ya kupokelewa. Mgeni alipewa jembe, kama isemavyo methali, na siku ya kulirudisha ikatajwa. Mike Tidwell, aliyefanya kazi ya mabwawa huko Kalambayi, Kasai, kati ya 1985 na 1987, alitimiza muda wake, kisha akaandika kitabu juu yake.

Mwaka 1991 utaratibu huo ulivunjika. Tarehe 23 Septemba askari waliasi Kinshasa kwa sababu ya mishahara. Uporaji ukaenea, na mwezi Oktoba ukafika Shaba. Wafanyakazi wa kujitolea walihamishwa kwa haraka, na mpango wao ukafungwa. Kwa Kolwezi halikuwa jambo geni: Mei 1978, wakati wa vita vya Shaba, Wazungu zaidi ya 2,000 waliondolewa kwa ndege.

Hata hivyo, aliyehamishwa alikuwa na kwao. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Shaba na watoto wa wachimbaji, walifukuzwa. Walikaa stesheni kwa majuma mengi wakingoja treni ya kuwapeleka mkoa ambao baadhi yao hawakuwahi kuuona. Miongoni mwa waliowafukuza walikuwamo majirani waliopaswa kuwasindikiza.

Kumbukumbu za kujitolea aghalabu huandikwa na walioondoka. Hapana budi, basi, masimulizi ya waliobaki na ya waliofukuzwa yakusanywe pia, katika Kiswahili chao wenyewe, wenye kuyasimulia wangali hai.