Opa ametutoka: Mholanzi aliyekula matunguu ya maua

Wengi mmetuma pole kwa msiba wa babu yake mume wangu, nasi tumezipokea, asanteni sana. Mjomba kaniuliza swali moja limenifanya nikae chini niandike: huyo mzee Mholanzi alikuja kutafuta nini Kanada? Kwani Mzungu naye huenda ughaibuni kuhangaika? Kwetu Mholanzi tunamjua kwa redio za Philips na jezi za rangi ya chungwa, basi. Mjomba, huyu naye alibeba maboksi kama sisi, tena pengine kutuzidi.

Opa (ndivyo Waholanzi wanavyomwita babu) alizaliwa Rotterdam mwaka 1928. Alikuwa na miaka 12 tu Wajerumani walipoupiga mji wake mabomu, tarehe 14 Mei 1940. Walikufa watu kama 850, na wapatao 80,000 wakabaki hawana pa kulala. Siku ya pili yake jeshi lao likasalimu amri. Novemba 1944 Wajerumani wakaufunga mji, wakapita nyumba hadi nyumba kukamata wanaume wa miaka 17 hadi 40 wakawafanyishe kazi za nguvu. Katika siku mbili walichukuliwa watu kama 50,000. Kaka yake alikwenda. Opa alikuwa na miaka 16, akapona kwa tofauti ya miezi!

Kisha ikaja njaa. Serikali yao iliyokuwa uhamishoni London ilikuwa imeitisha mgomo wa reli Septemba 1944, na Wajerumani wakalipiza kwa kuzuia chakula kwenda miji ya magharibi. Halafu baridi ikawa kali na mifereji ikaganda, mashua hazipiti. Watu kama 20,000 wakafa. Opa alikuwa akiendesha baiskeli isiyo na mipira hadi vijijini, akiwa na mashuka ya mama yake, ayabadilishe kwa viazi. Vilipokosekana walikula viazi sukari, yale mazao ya kutengenezea sukari, na matunguu ya tulipu. Alituambia lazima utoe kiini cha katikati, kina sumu. Mpaka anakufa hakuwahi kununua tulipu kuweka ndani. Bibi akiletewa, yeye alikuwa anahama chumba.

Hapa niwape kitu cha kinesi. Daktari mmoja wa watoto wa The Hague, Willem Dicke, alikuwa tangu kabla ya vita akihisi kwamba ngano ndiyo inayowaumiza watoto wenye ule ugonjwa wa utumbo usiopatana na mkate. Mkate ulipoadimika, watoto wale wakapata nafuu huku wenzao wakidhoofu. Uliporudi, wakaugua tena. Leo mgonjwa wa aina hiyo akija wodini tunamwondolea ngano bila kufikiri mara mbili.

Opa aliapa kwamba aliona mikate myeupe ikidondoka kutoka angani. Ndege za Waingereza na Wamarekani kweli zilidondosha vyakula, kuanzia 29 Aprili 1945, lakini mkate uliookwa haukuwemo. Ule mweupe ulitokana na unga wa Sweden ulioletwa kwa meli miezi michache kabla. Njaa ilivichanganya vitu viwili vikawa kimoja. Sikuwahi kumsahihisha, ningepata faida gani?

Waliowakomboa sehemu kubwa ya nchi yao ni Wakanada, na zaidi ya 7,600 walifia huko. Kwa hiyo jina Kanada kwa vijana wa wakati ule lilikuwa sawa na chokoleti na uhuru. Baada ya vita nyumba hazikutosha, na watu walikuwa wengi kwenye nchi finyu. Mwaka 1950 waziri mkuu wao, Willem Drees, aliwaambia hadharani kwamba baadhi yao wathubutu kutafuta maisha kwenye nchi kubwa zaidi. Hebu fikirieni, kiongozi anawaambia wananchi wake waondoke! Wakaondoka kweli. Zaidi ya 150,000 walikuja huku Kanada pekee, wengine Australia na New Zealand.

Opa aliteremka meli Halifax mwaka 1952, pale gati namba 21, ambapo leo ni makumbusho ya wahamiaji. Fedha hawakuruhusiwa kutoka nazo nyingi, hivyo kila familia ilijaza mali yake kwenye sanduku kubwa la mbao: vitanda, vyombo, cherehani. Mwaka mzima alimtumikia mkulima aliyemdhamini, kijana wa mjini hajawahi kukamua ng'ombe, akilala kwenye kibanda kilichokuwa cha kuku. Baadaye akaenda Holland Marsh, kilomita kama 50 kaskazini ya Toronto, bwawa lililokaushwa likawa mashamba ya vitunguu na karoti. (Jina lile halikutokana na nchi yao, ni la mpima ardhi Samuel Holland, ingawa naye alizaliwa Uholanzi. Opa alikuwa akicheka sana kwa hilo.) Tarehe 15 Oktoba 1954 kikaja kimbunga Hazel. Watu 81 walikufa Ontario, na bonde lote likajaa maji, vitunguu vikielea. Mtu ametoka kwenye nchi ya kupigana na maji, maji yakamfuata!

Kilichoniuma mimi ni miaka miwili ya mwisho. Kusahau kulipomwingia, Kiingereza cha miaka sabini kilifutika chote, kikabaki Kiholanzi cha utotoni. Kazini tunaliona sana hili kwa wazee wahamiaji: lugha iliyoingia mwisho hutangulia kutoka. Kwenye kituo alikolazwa wauguzi walidhani ni mkorofi, kumbe alikuwa anasema ana kiu. Nikajifunza kwa mama mkwe maneno ya maji, maumivu, baridi na choo, nikayaandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya kitanda. Ugomvi ukapungua siku ile ile.

Tangu hapo nikiwa zamu ya usiku huwa najiuliza nani atanibandikia karatasi yangu. Watoto hawa wananijibu kwa Kiingereza kila siku. Mama, Desemba naja nao, naomba mwezi mzima msiwasemeshe Kiingereza hata wakilia.

Lile sanduku bado lipo kwa baba mkwe, jina la Halifax linasomeka ubavuni. Picha nitawatumia wiki ijayo nikimaliza zamu za usiku.