Sukari Badala ya Kuvu: Historia Fupi ya Okidi Ndani ya Chupa

Leo tuachane kidogo na stori za bumu na madesa. Nataka niwape historia ya kitu ambacho wengi wetu tunapishana nacho tu maabara: vile vichupa vya glasi vyenye uji mgumu chini na vijani vidogo vidogo juu yake. Watu wa sayansi mnavijua, watu wa sheria na uhasibu vumilieni, nitakwenda polepole. Nimechagua okidi kwa sababu hakuna mmea ambao kichupa kiliubadilishia maisha kama huo. Ndani ya habari hii kuna misitu iliyofyekwa na ugomvi wa wasomi wa miaka thelathini hivi, na mwishoni mtaona inatugusa mpaka kwetu Nyanda za Juu Kusini.

Tuanze na mbegu yenyewe, maana shida yote ilianzia hapo.

Okidi ni ukoo mkubwa sana wa maua, una aina zaidi ya 25,000 duniani. Kama unadhani hujawahi kuiona, ulizia vanila inayolimwa Bukoba na Uganda. Vanila nayo ni okidi. Ukipasua ganda lake lililokaushwa unakuta vidoadoa vyeusi kama vumbi la mkaa. Hizo ndizo mbegu! Sasa linganisha na haragwe. Haragwe linatoka kwa mama yake na akiba ya chakula, likipata maji tu linaota, mpaka litoe majani linakula ile akiba. Mbegu ya okidi haina akiba ya maana. Ni kama mtoto aliyepelekwa bodingi bila tranka wala senti mfukoni. Kiinitete chenyewe ni chembe chache tu zilizofungwa kwenye ngozi nyembamba, upepo ukivuma zinapeperuka.

Mmea unafidia kwa wingi. Charles Darwin, kwenye kitabu chake cha mwaka 1862 kuhusu okidi na wadudu, alihesabu mbegu za okidi mmoja wa kawaida wa Uingereza. Ganda moja lilikuwa na mbegu zaidi ya 6,000, na mmea mmoja ulitoa kama 186,300. Akapiga hesabu: zikiota zote, vitukuu vya mmea mmoja tu vingekaribia kufunika nchi kavu yote ya dunia. Rafiki yake Fritz Müller, aliyekuwa Brazil, alihesabu ganda la okidi wa huko akapata mbegu 1,756,440. Hebu fikiria mtu anakaa kuhesabu hizo! Sasa swali linakuja lenyewe: kama mbegu ni nyingi hivyo, mbona okidi ni adimu? Darwin hakuwa na jibu.

Na wakati huohuo swali hilo lilikuwa na hela ndani yake. Karne ya 19 matajiri wa Uingereza walishikwa na kichaa cha okidi. Waliyajengea mabanda ya vioo yenye joto, mmea mmoja wa nadra ukauzwa mnadani kwa bei ya kutisha. Kwa kuwa hakuna aliyejua kuziotesha mbegu kwa uhakika, mimea ilitolewa porini. Mwindaji mmoja wa okidi, Albert Millican, aliandika mwenyewe mwaka 1891 jinsi walivyofanya kule Colombia: miezi kama miwili ya kazi, mimea 10,000 hivi, na ili kuipata walikata miti kama 4,000. Okidi wale huishi juu ya matawi, kwa hiyo badala ya kupanda mti walikuwa wanauangusha. Na mingi ya mimea hiyo ilikufa melini kabla haijafika Ulaya. Ndiyo bei ya kutojua jinsi mbegu inavyoota. Shikeni hilo, tutalirudia.

Wakulima wa bustani hawakukaa bure. David Moore wa bustani ya Glasnevin, Dublin, alitangaza mwaka 1849 kwamba ameotesha okidi kwa mbegu. Kule Exeter, daktari mpasuaji John Harris alimwonyesha John Dominy, mtunza bustani wa kampuni ya Veitch, sehemu za kiume na za kike za ua la okidi zilipo. Dominy akapandanisha aina mbili za Calanthe, na mwaka 1856 chotara wa kwanza aliyeoteshwa na binadamu akachanua. Inasemekana mtaalamu mkubwa wa mimea, John Lindley, alipoonyeshwa alilalamika kwamba sasa mtawatia wazimu wataalamu.

Lakini kazi ilikuwa ya bahati nasibu. Unapanda maelfu ya mbegu, unapata miche kumi, au unapata sifuri. Kitu kimoja tu walikijua kwa uzoefu: ukinyunyiza mbegu juu ya udongo wa chungu ambamo okidi mkubwa tayari anaishi, una nafasi nzuri zaidi. Kwa nini? Hawakujua. Ni kama bibi anayekwambia usifunike maandazi yakiwa ya moto. Ni kweli, ila sababu haisemi.

Sababu aliipata kijana wa Kifaransa. Noël Bernard alizaliwa 1874, na mwaka 1899 alikuwa anatumikia jeshi karibu na msitu wa Fontainebleau. Mwezi Mei mwaka huo, akiwa msituni, akakuta shina la okidi aina ya Neottia limefukiwa chini ya majani makavu, na maganda yake yamejaa mbegu zilizoota. Mamia ya miche mahali pamoja, kitu ambacho karibu hakuna mtu aliyewahi kukiona! Akaipeleka kwenye hadubini, na ndani ya kila mche akakuta nyuzi za kuvu. Miche yote, bila hata mmoja kukosa.

Mtu mwingine angesema, basi ni ugonjwa. Bernard akasema hapana, bila kuvu hii mbegu haioti kabisa. Kuvu inaingia ndani ya mbegu na kuipa chakula ambacho mama hakuiwekea. Yule mtoto wa bodingi kumbe ana mfadhili! Baadaye akaitenga kuvu hiyo maabara, akaiweka kwenye mirija safi pamoja na mbegu, na mbegu zikaota. Hapo ndipo swali la Darwin lilipopata jibu: mamilioni ya mbegu zinaruka, ila inayoishi ni ile inayoangukia mahali penye kuvu inayopatana nayo. Na ule ujuzi wa chungu cha mama ukaeleweka pia, maana kuvu ilikuwa tayari imo kwenye udongo ule. Bernard alifariki mwaka 1911, ana miaka 36 tu.

Mjerumani Hans Burgeff aliendeleza kazi ileile, na Uingereza kampuni ya Charlesworth ikaanza kuotesha okidi kibiashara kwa kutumia kuvu. Lakini kufuga kuvu ni kazi ya roho juu. Ukikosea kidogo, badala ya kulisha mbegu inaila.

Hapa anaingia Lewis Knudson, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Yeye hakuwa mtu wa okidi. Alikuwa anachunguza jinsi mimea inavyotumia sukari ikilelewa kwenye chupa zisizo na vijidudu. Alivyosoma majaribio ya Bernard akaona jambo. Bernard alikuwa anatumia salep, yaani unga wa viazi vya okidi ambao Waturuki hutengenezea kinywaji cha moto. Salep ina wanga. Knudson akajiuliza: je, kuvu haiwi inavunja wanga kuwa sukari tu? Na kama ni hivyo, mimi nikiweka sukari moja kwa moja, kuvu ya nini tena?

Akajaribu. Mbegu akazisafisha kwa dawa ya klorini, chupa akaweka chumvi za madini, aga, na sukari. Hakuna kuvu. Zikaota. Matokeo aliyachapisha kwanza kwa Kihispania mwaka 1921, kisha kwa Kiingereza mwaka 1922.

Mnadhani walimpigia makofi? Wapi! Wataalamu wa kuvu walisema sawa, vimeota, lakini hivyo ni vitu vya chupani, havitakuwa mimea kamili. Na hoja yao haikuwa ya kijinga, maana maumbile hayampi okidi sukari ya dukani. Knudson hakuwa na njia nyingine ila kulea na kusubiri. Mwaka 1930 akatangaza kwamba okidi wake aliyelelewa bila kuvu amechanua. Mwaka 1946 akatoa fomula iliyoboreshwa, inayoitwa Knudson C, ambayo inatumika mpaka leo: katika lita moja ya maji, sukari gramu 20, kalsiamu naitreti gramu 1, chumvi nyingine kidogo kidogo, aga ya kugandisha, na uchachu wa pH 5 hivi.

Kwa wasiowahi kuona inavyofanyika, iko hivi. Unachuma ganda likiwa bado bichi, halijapasuka, kwa sababu ndani yake hakuna vijidudu bado. Unaliosha nje kwa dawa ya klorini, unalichovya kwenye spiriti na kulipitisha motoni haraka. Chakula umeshakipika ndani ya chupa kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Kisha ndani ya kisanduku safi, kwa kisu kilichopita motoni, unapasua ganda na kunyunyiza mbegu juu ya ule uji ulioganda. Unaziba.

Hapo adui mkubwa ni ukungu. Sukari ileile inayomlisha okidi inalisha kila kitu kingine, na ukungu unakua kwa siku mbili wakati okidi anahitaji wiki na miezi. Chembe moja tu ikiingia, chupa nzima imekwenda.

Ikisalimika, mbegu zinavimba na kuwa vidonge vya kijani kama punje za ulezi. Wataalamu wanaviita protokomu. Baadaye linatoka jani, halafu mzizi. Miche ikibanana unaihamishia chupa nyingine kwa usafi uleule. Siku ya kuitoa, unaiosha aga yote mizizini, kwa sababu aga ikibaki inaoza, unaipanda kwenye vipande vya magome ya mti au mkaa, na kuifunika hewa isikauke. Mtoto aliyelelewa kwenye unyevu wa chupa hajui jua kali. Mpaka ua la kwanza ni miaka, mara nyingi mitatu hadi saba kutegemea aina.

Matokeo yake duniani yalikuwa makubwa. Singapore, mkurugenzi wa bustani ya mimea, Eric Holttum, alianza mwaka 1928 kuzalisha machotara kwa njia ya chupa, na biashara ya okidi ya Asia ya Kusini-Mashariki imejengwa juu ya kazi kama hiyo. Mwaka 1960 Mfaransa Georges Morel akaonyesha kwamba hata mbegu si lazima, unaweza kuanza na ncha ndogo ya chipukizi. Ua lililokuwa la malodi leo linauzwa supamaketi za Ulaya karibu na nyanya, na halikutoka porini.

Sasa turudi nyumbani. Kule Kitulo, mpakani mwa Mbeya na Njombe, wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Pakawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya maua yake, zikiwemo aina kama 45 za okidi wa ardhini. Okidi hao wana viazi chini, na Zambia viazi hivyo ni mboga inayopendwa. Vinatwangwa, vinachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, inaitwa chikanda. Okidi wa Zambia walipopungua, wachimbaji na wafanyabiashara wakaja upande wetu, na viazi vilivyovuka mpaka kwa mwaka vikafikia mamilioni. Ukichimba kiazi umechimba mmea mzima.

Simlaumu mama wa kijijini anayejaza ndoo viazi apate ada ya mtoto, wala Mzambia anayependa chakula chao. Ninachosema ni kwamba tunafanya alichofanya Millican mwaka 1891 kwa sababu ileile: porini ndiko pekee tunakojua pa kuupata mmea. Mahindi tunapanda, vanila tunapanda, chikanda tunachimba tu.

Je, chupa itatuokoa? Nusu. Ukiotesha okidi kwa sukari ukampeleka Kitulo, bado anahitaji udongo wenye kuvu yake, na kuvu hiyo inaishi kwenye nyasi zilezile tunazozilima viazi mviringo na ngano. Knudson alikuwa sahihi kuhusu chupani, Bernard alikuwa sahihi kuhusu msituni. Tunawahitaji wote wawili: mtu wa kuotesha miche, na mtu wa kuulinda udongo.

Kwa hiyo wewe wa botania unayehangaika na mada ya utafiti wa mwaka wa tatu, acha kurudia za waliotangulia. Chupa, sukari na aga vipo. Mbegu ya kuanzia ni ganda moja tu, na mama yake unamwacha ardhini.

Panapo majaaliwa, wadau.