Kitanda cha Mtoto, Mlango wa Baba: Makao ya Dharura Usambara

Alipofariki Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, mwaka 1862, ukoo wake wa Wakilindi uligombea kiti cha Vuga, makao makuu ya ufalme, na milima ya Usambara ikaingia vitani. Mateka waliteremshwa hadi Pangani kuuzwa, watoto wakiwamo. Aliyeelemewa na deni au kukataliwa na ukoo wake aliweza kukimbilia kwa chifu: alipata chakula na pa kulala, akabaki huko huko kuwa mtumishi. Hayo ndiyo yalikuwa makao ya dharura ya enzi hizo, na bei yake ilikuwa uhuru wa mtu.

Mwaka 1896 Wajerumani wa chama cha Kiprotestanti kilichopinga utumwa walijenga nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani huko Lutindi, upande wa Korogwe. Utumwa ulipopungua, watoto nao wakapungua. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba hiyo ikageuzwa kuwa ya wagonjwa wa akili. Serikali ya kikoloni ikawa inapeleka wagonjwa wake na kuchangia gharama, huku watumishi wa misheni wakiwalea. Mpango huo wa serikali kutoa fedha na kanisa kutoa mikono haujawahi kuondoka milimani. Lutindi ipo hadi leo, chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT).

Watoto walipata nyumba nyingine baadaye. Irente, karibu na mji wa Lushoto, masista wa Kilutheri walianzisha makao ya watoto wachanga katika miaka ya 1960. Wengi wanaopokelewa hapo wamefiwa na mama, mara nyingi katika uzazi. Hulelewa hadi wakue kidogo, kisha hurudishwa kwa jamaa zao.

Anayempeleka mtoto ni nani? Mara nyingi ni baba. Chukua mkulima wa Malindi, si ile ya Kenya bali kata ya wilaya ya Lushoto ambako kabichi na karoti hupakiwa kwenye fuso kwenda Dar es Salaam. Mkewe amefariki, mtoto ana siku chache. Kwanza ndugu hukaa kikao: bibi ana nguvu? Shangazi ananyonyesha? Kopo la maziwa ya unga nani atalinunua, na likiisha? Majibu yakikosekana, mtoto hufungwa vizuri kwenye kanga na safari ya Irente huanza. Mtoto hupata kitanda, baba hurudi shambani. Kama ana wengine wawili watatu nyumbani, hao hubaki kwa majirani.

Sheria nayo ilimzoea baba wa namna hiyo, wa kutoa na kuondoka. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa mahakamani. Ile ya matunzo ya mtoto wa nje ya ndoa, ya mwaka 1949, ilimkadiria baba shilingi zisizozidi 100 kwa mwezi, na kiwango hicho kilidumu hadi Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoifuta! Makao ya watoto yalikwisha kuwekewa sheria mwaka 1968, lakini kibali cha kuendesha makao ni kitu kimoja, na fedha za kuyaendesha ni kitu kingine.

Kwa hospitali, serikali ilipata njia. Februari 1992 ilitia saini hati ya makubaliano na makanisa, yaani Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC), na hospitali teule za makanisa zikaendelea kupata fedha na watumishi wa umma. Mwongozo wa nyumba salama wa 2019 nao uliwatazama manusura wa ukatili na wa usafirishaji haramu wa binadamu. Mgane mwenye watoto watatu na nyumba iliyosombwa na maporomoko hana mlango wake humo.

Kumfungulia mlango si jambo lisilowezekana. Canberra, Australia, shirika la CANFaCS limelipwa na serikali ya huko kuwapa makazi ya muda akina baba pamoja na watoto wao. Halmashauri ya Lushoto haihitaji kujenga jumba jipya. Inahitaji mkataba wa huduma na kanisa, kama ule wa hospitali, wenye kifungu kinachotaja chumba cha baba.