Kigari cha Umeme na Ardhi ya Unguja

Mtu atakaye kununua kigari cha umeme kiongozwacho kwa mawimbi ya redio, kile chenye magurudumu makubwa na kimo cha kupita juu ya mawe na mchanga, aghalabu huuliza kwanza habari ya mbio zake. Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza. Kisiwa cha Unguja kimekwisha kuona magari ya namna nyingi yakija kwa shangwe na kuondoka kwa kimya, na katika habari zao limo jibu lifaalo kuliko hesabu ya mbio. Insha hii yataka kulitafuta jibu hilo katika tarikhi.

Mwaka 1879 Seyyid Barghash bin Said alitandaza reli ya maili saba kutoka mjini hadi Chukwani, alikokuwa na kasri. Mabehewa yake mawili yalikokotwa kwanza na nyumbu. Kisha mwaka 1881 likaagizwa gari dogo la moshi kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Kilikuwa chombo kizuri, lakini kilikuwa cha mtu mmoja. Sultani alipofariki mwaka 1888, reli iling'olewa na gari likavunjwa. Uhai wa chombo ulikuwa katika uhai wa mwenyewe.

Mwaka 1905 ikaja reli ya pili, iliyojengwa na kampuni ya Arnold, Cheney ya Marekani. Hii ilianza karibu na Ngome Kongwe, ikapenya katika njia nyembamba za mji, ikaenda mpaka Bububu, maili saba vilevile. Ilikuwa ya watu wote, kwa hiyo iliishi zaidi kuliko ile ya kwanza. Lakini barabara zilipotengenezwa na motokaa zikaongezeka, abiria waliihama. Mwaka 1922 iliacha kuchukua watu, ikabaki kuchukua mawe ya kujazia bandari. Na mwaka 1928 ikafungwa kabisa. Reli ya kwanza ilikufa kwa kukosa mwenyewe, na ya pili kwa kukosa kazi.

Liko gari la tatu ambalo halikuandikwa katika daftari la kampuni yo yote. Mtoto huokota kopo tupu, kipande cha waya na soli ya ndara iliyochakaa. Soli huikata duara nne zikawa magurudumu. Kopo huwa bodi. Na fimbo ndefu yenye usukani juu yake hushuka mpaka kwenye ekseli ya mbele. Mtoto hukimbia nyuma ya gari lake akiligeuza kulia na kushoto pasipo kuinama. Gurudumu likichomoka, halii kwa muda mrefu, kwa maana ndara mbovu hazikomi duniani na maarifa ya kulikata gurudumu jingine yamo mkononi mwake. Sultani alikuwa na gari asiloweza kulitengeneza kwa mkono wake. Mtoto huyu analo aliloliumba. Yamkini hii ndiyo sababu gari la kopo lingalipo, hali reli zote mbili zimekwisha kupita.

Fimbo ile ya mtoto ndiyo iliyogeuzwa kuwa hewa. Mwaka 1898, katika Madison Square Garden mjini New York, Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo iliyotii amri bila ya kamba wala waya. Ilipita miaka mingi kabla ya elimu hiyo kushuka katika michezo. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa kigari chake cha kwanza cha redio mwaka 1976, mfano wa Porsche 934, chombo cha kukimbia juu ya sakafu laini. Mwaka 1979 ikatoa Rough Rider na Sand Scorcher, vilivyokusudiwa vumbi na mchanga. Na mwaka 1987 ikatoa Clod Buster, lori dogo lenye mota mbili na magurudumu manne makubwa ambayo yote hugeuka. Vigari hivi viliuzwa vipande vipande, na mnunuzi akaviunga mwenyewe kwa bisibisi. Hivyo kabla ya kuwa dereva alikuwa fundi, kama yule mtoto wa kopo.

Basi achague nini mtu wa Unguja? Na aitazame ardhi kwanza. Upande wa magharibi kuna udongo wa kina, nchi ya mikarafuu na minazi, ambao wakati wa masika hugeuka tope. Upande wa mashariki na kusini, kuelekea Paje, Jambiani na Makunduchi, kuna maweni, jiwe la matumbawe lenye ncha kali. Hapo mbio ni adui: kigari kifaacho ni kile cha mwendo wa pole, chenye gia za nguvu na matairi laini yakumbatiayo jiwe. Anayependa mbio na kuruka atafute uwanja mtupu, wala si vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako wazee na watoto wana haki ya njia. Ufukoni, maji yanapotoka, pana uwanda mpana. Lakini hapo pana kamba za wakulima wa mwani, na chumvi haisamehe chuma. Kigari kilichozibwa kisiingie maji hakikuzibwa kisile kutu: sharti kioshwe kwa maji matamu, kikaushwe, na beringi zitiwe mafuta.

Kisha na autazame umeme. Tangu mwaka 1980 Unguja hupata umeme wa bara kwa waya upitao chini ya bahari. Waya huo ulipoharibika mwaka 2008, kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mzima. Na tena tangu Desemba 2009 hata Machi 2010. Mwaka 2013 uliongezwa waya mwingine, wenye uwezo mkubwa zaidi. Betri ya lithiamu ni nyepesi na ina nguvu nyingi, lakini huharibika ikimalizwa kupita kiasi, na ikitendewa vibaya yaweza kushika moto. Betri ya nikeli ni nzito na nguvu zake ni chache, lakini humvumilia mwanafunzi. Mota isiyo na brashi hudumu na hukimbia. Yenye brashi ni rahisi kwa bei na fundi huielewa upesi. Anayeanza hana aibu akianza na vya pili.

Mwisho wa yote ni vipuri. Kigari chenye mbio za ajabu, ambacho mkono wake mmoja ukivunjika hapana pa kuupata mwingine, ni reli ya Chukwani iliyofanywa ndogo: fahari ya siku chache. Kigari cha wastani kinachofunguka kwa bisibisi moja, ambacho kipande chake chaweza kupatikana au kuchongwa, ni ndugu wa gari la kopo. Muuzaji huulizwa, "Kinakimbiaje?" Na aulizwe pia, "Kikivunjika, mimi nitafanya nini?" Jibu la swali la pili ndilo litakaloonyesha kama mnunuzi atakuwa bwana wa chombo chake au mgeni wake.