Meza ya Wawili: Historia Fupi ya Mume na Mke Kutoka Pamoja

Katika mambo ambayo vitabu vyetu vya historia vimeyapa nafasi ndogo, mojawapo ni starehe za watu wa kawaida. Kurasa zimejaa vita, mikataba na majina ya magavana. Lakini jambo dogo kama mume na mke kutoka nyumbani Jumamosi alasiri, wakala mkahawani, na kesho yake wakapanda gari kwenda kutazama mto au mbuga, halihesabiwi kuwa historia. Sisi twaona kwamba ni historia, tena yenye uzito wake. Maana ili wawili hao waweze kutoka, sharti yawepo mambo matatu: muda ulio wao wenyewe, njia ya kupita, na meza inayowakubali wote wawili. Hakuna hata moja kati ya hayo lililopatikana bure.

Tuanze na muda. Mkulima wa zamani alipumzika kwa kufuata mvua na mavuno, na siku za ibada zilikuwa za ibada. Mapumziko ya mwisho wa juma, kama tuyajuavyo leo, ni mtoto wa kiwanda. Katika Uingereza, sheria ya mwaka 1850 iliamuru kwamba wanawake na vijana katika viwanda vya nguo waachishwe kazi saa nane mchana siku ya Jumamosi. Ufaransa ilipitisha sheria ya mapumziko ya Jumapili mwaka 1906, na mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa, wafanyakazi wake wakapata likizo ya majuma mawili yenye malipo pamoja na juma la kazi la saa 40. Mwaka huo familia nyingi za wafanyakazi ziliona bahari kwa mara ya kwanza. Basi tusidhani kwamba Jumamosi ya mapumziko ilishuka kama umande. Ilidaiwa, ikapiganiwa, ikaandikwa katika sheria.

Ama kuhusu njia, reli ndiyo iliyotangulia. Tarehe 5 Julai 1841, Thomas Cook aliwapeleka watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough, mwendo usiozidi maili 12, kwa shilingi moja kila mtu. Walikuwa wakienda kwenye mkutano wa kupinga ulevi, lakini jambo lililobaki katika historia si hotuba za siku ile bali ile safari yenyewe: mtu wa kipato kidogo alikuwa ametoka, akatazama na kurudi nyumbani jioni. Baadaye ilikuja motokaa. Mwaka 1900 ndugu wawili wa Kifaransa, wenye kiwanda cha mipira ya magari cha Michelin, walichapa kitabu kidogo cha kuwaongoza wasafiri na kukigawa bure. Walijua kwamba anayesafiri kwenda kula mbali humaliza mipira ya gari lake upesi. Tumbo na barabara vimekuwa marafiki tangu hapo.

Lakini lililo gumu kuliko yote ni lile la meza. Mikahawa ya Istanbul, iliyofunguliwa katikati ya karne ya 16, ilikuwa mahali pa mazungumzo, mashairi na mchezo wa sataranji. Lakini ilikuwa ya wanaume. Katika nyumba za wageni za Ulaya, wasafiri walikaa kwenye meza moja ndefu, kwa saa moja iliyopangwa, wakala kilichopikwa. Mabadiliko yalitokea Paris katika miaka ya 1760, walipotokea wauzaji wa mchuzi wa kurudisha nguvu. Ndiyo asili ya neno restaurant, yaani kitu kirudishacho nguvu. Hapo mteja alipewa meza yake peke yake, akaja saa aliyoitaka, akachagua chakula katika orodha yenye bei. Meza ndogo ya watu wawili, ambayo leo twaiona kuwa jambo la kawaida, ni uvumbuzi wa wakati huo. Hata hivyo, katika miji mingi ya Ulaya mwanamke mwenye heshima zake hakuweza kuingia peke yake mahali pa kulia chakula. Huko London maduka ya chai, yaliyoanza mwaka 1864, ndiyo yaliyomfungulia mlango: akaweza kuketi, akanywa chai, akaondoka bila kunyoshewa kidole.

Sasa tugeukie nyumbani kwetu. Katika pwani ya Waswahili, baraza na mkahawa vilikuwa vya wanaume, nao wanawake walikuwa na mikusanyiko yao ya ndani. Neno fungate lenyewe latuonyesha jinsi mambo yalivyokuwa. Fungate ni muda wa siku saba baada ya arusi, ambapo bwana na bibi arusi walikaa ndani na kuletewa chakula. Hawakukifuata chakula; chakula kiliwafuata. Leo watu wasemapo wanakwenda fungate, wana maana ya safari na hoteli. Neno ni lile lile, lakini maana yake imetoka nje ya nyumba ikapanda gari.

Katika Buganda, mila ilimkataza mwanamke kula kuku, mayai na nyama ya kondoo. Mke alimpika kuku kwa ustadi, akamfunga katika majani ya ndizi, akampelekea mume na wageni wake, naye mwenyewe asionje. Twalitaja hili si kwa kuwabeza wazee, bali kwa sababu laeleza umbali uliokuwapo. Mume na mke wasioruhusiwa kula nyama ya sahani moja, watawezaje kuketi mbele ya watu kwenye meza moja?

Ukoloni ulileta reli, lakini ulikuja pia na ubaguzi wake. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na Kampala mwaka 1931. Pamoja nayo waliingia wafanyabiashara wa Kihindi, na kwa hiyo chai ya maziwa, chapati na sambusa zikawa chakula cha kila mji. Lakini katika miji ya kikoloni ya Kenya na ya Kongo ya Wabelgiji, watu walipangwa kwa rangi hata katika mahali pa kulala na kula. Mwafrika aliweza kuwa mpishi au mtumishi wa hoteli, akaijua kila sahani iliyomo, asiweze kuketi humo na mkewe. Huko Léopoldville, Mwafrika hakuruhusiwa kuzunguka usiku katika mtaa wa Wazungu. Hivyo muda ulikuwapo, na njia ilikuwapo, lakini meza ilikuwa imefungwa. Uhuru, kwa Uganda tarehe 9 Oktoba 1962, ulikuwa na mambo makubwa zaidi ya hayo. Lakini na hili lilikuwa ndani yake.

Mahali pa kutembelea napo pana historia. Bustani ya mimea ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1898 kwa ajili ya majaribio ya mazao, si kwa ajili ya wapenzi kukaa chini ya miti. Wapenzi walijipatia wenyewe. Huko Jinja, Speke aliona mwaka 1862 mahali mto Naili unapotoka ziwani na kuanguka juu ya miamba. Anayekwenda leo hayaoni maporomoko yale. Yalizama baada ya kujengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na yale ya Bujagali yakazama kwa ajili ya bwawa jingine lililozinduliwa mwaka 2012. Tumepata umeme, tumepoteza mandhari. Mume na mke wanaosimama pale hutazama maji yaliyotulia, na ni wajibu wa mwalimu kuwaeleza watoto wao kilicho chini yake.

Wala tusisahau jinsi starehe hii ilivyo dhaifu. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na sehemu kubwa ya maduka na hoteli za miji yetu ikabadilika wenyewe au ikafa. Katika vurugu za miaka iliyofuata, vizuizi vya barabarani na milio ya bunduki viliwarudisha watu nyumbani kabla ya jua kutua. Mbugani wanyama waliuawa ovyo, hata vifaru wakaisha katika Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walirudishwa katika hifadhi ya Ziwa kuanzia mwaka 2005. Tena mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga mikahawa, na amri ya kutotoka nje usiku haikuondolewa hadi Januari 2022. Kila mara amani au afya inapoondoka, meza ya wawili ndiyo ya kwanza kukunjwa.

Walimu wenzetu, somo hili lina faida darasani. Mwulize mwanafunzi kwa nini Mswahili huita hoteli hata kibanda kisicho na kitanda. Mkahawa umetokana na nini. Kwa nini Dar es Salaam wana mama ntilie na Kampala wana rolex, ambayo si saa bali ni mayai yaliyokunjwa ndani ya chapati. Katika maneno hayo mna biashara, uhamiaji, njaa na ucheshi wa watu wetu. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipokubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, tuna sababu zaidi ya kukifundisha kwa mambo ambayo watu wanayaishi.

Atakaye kuiona historia hii kwa macho na asimame Namawojjolo, katika barabara ya Kampala kwenda Jinja, siku ya Jumapili. Wachuuzi huyakimbilia magari wakiwa na nyama, ndizi na kuku wa kuchoma vijitini. Ndani ya magari hayo wamo waume na wake, na mke hula paja la kuku mbele ya mumewe, wala hakuna anayeshangaa. Bibi yake hakuruhusiwa. Kutoka kwa bibi huyo hadi kwa mjukuu wake hakukupigwa vita wala hakukutiwa sahihi mkataba wowote. Ndiyo maana vitabu havikuandika, nasi tumeona yafaa tuandike.