Rimu, Spoku na Kalibu: Majina ya Magurudumu ya Pikipiki ya Kale

Msafiri atokaye Mingoyo kwenda Masasi, afikapo Nanganga, pale inapochepuka njia ya Ruangwa, hukuta pikipiki zikingoja abiria, na akizitazama magurudumu ataona namna mbili: yale yaliyofumwa kwa vijiti vyembamba vya chuma, na yale ya mikono minene michache, yaliyotoka kiwandani yakiwa kitu kimoja. Mafundi wetu aghalabu huziita zote mbili "rimu", na hizi za pili wakazitukuza kwa jina la "rimu za sporti". Na jina hilo, ijapokuwa limeenea, humtia taabu mtu mwenye pikipiki ya kale atakaye kuirejesha katika hali yake.

Kwani rimu, kwa asili yake, si gurudumu zima, bali ni ule mduara wa nje ukaliwao na tairi. Katikati pana kitovu, ambacho mafundi hukiita habu, kibebacho beringi na, katika pikipiki nyingi za zamani, dramu ya breki. Na baina ya kitovu na rimu zimetandazwa spoku, ambazo watu hudhani kuwa zinaitegemeza rimu kama nguzo zitegemezavyo dari, ilhali hakika yake ni kinyume: kila spoku imevutwa na kukazwa, na gurudumu huwa thabiti kwa sababu mivuto hiyo yote imelingana. Ikilegea moja, jirani zake hubeba mzigo usio wao, nazo hukatika.

Pikipiki za Kiingereza za miaka ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga, uliofika hata Nachingwea, yaani 1947 hata 1951, kama vile BSA na Triumph, zilikuwa za spoku, na kadhalika Honda Super Cub iliyotoka 1958. Namna ile nyingine, ya mikono minene, ilienea katika miaka ya 1970.

Basi tuiiteje? Waswahili wa pwani wanalo tangu kale neno kusubu, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu yapate umbo, na gurudumu la aluminiamu hutengenezwa vivyo hivyo. Kwa hiyo naona liitwe gurudumu la kalibu, maana "sporti" haitwambii lolote juu ya utengenezaji wake. Ama spoku, sioni sababu ya kulifukuza neno hilo, kwani limekwisha kuwa letu tangu zama za baiskeli.

Gurudumu la kalibu lina raha yake: halina spoku za kukazwa, na mengi huchukua tairi lisilo na tyubu. La spoku, kwa kuwa nati ndogo za spoku hupenya rimu, kwa kawaida sharti liwe na tyubu, pamoja na utepe wa kuikinga isitobolewe. Lakini likigonga jiwe, rimu ya chuma hupinda, na fundi mwenye subira huinyoosha akabadilisha spoku zilizokatika moja baada ya moja. La kalibu huweza kupasuka, na ufa wa aluminiamu hauponyeki kwa nyundo. Zaidi ya hayo, kulitia gurudumu geni katika pikipiki ya kale kwataka ekseli, dramu na sproketi vikubaliane sawasawa, na hiyo ndiyo kazi iwashindayo wengi.

Kwa hiyo mwenye pikipiki ya kale akihifadhi kitovu chake cha asili, hata kama rimu imeliwa na kutu ya hewa ya chumvi ya Lindi au Mtwara, amehifadhi kilicho kigumu kupatikana. Aendapo dukani ataje kipenyo cha rimu, upana wake, na idadi ya matundu, kwani rimu nyingi za Kiingereza zina 40 na nyingi za Kijapani zina 36. Wala asiseme "rimu" ikiwa atakacho ni gurudumu zima.