Ardhi ya Pembezoni mwa Mji: Ilemela Tangu Zama za Utemi hadi Manispaa

Mtu akitaka kununua kiwanja leo katika kata za nje za Ilemela, jijini Mwanza, mara nyingi ataoneshwa mawe manne. Jiwe moja katika kila pembe, baina yake majani, pengine mhogo mmoja mmoja. Muuzaji atasema ardhi ni yake, ataitwa mwenyekiti wa mtaa, wataitwa mashahidi, karatasi itaandikwa na pesa zitahesabiwa. Swali ambalo watu huliuliza baada ya fedha kwisha kutolewa ni hili: yule bwana aliuza nini hasa? Ili kulijibu inabidi turudi nyuma, kwani ardhi ile imepita mikononi mwa watemi, Wajerumani, Waingereza na Serikali ya nchi huru, na kila mmoja aliacha kanuni yake juu yake. Halafu inabidi tuwaulize mafuqahaa, kwa sababu suala la ardhi ya pembezoni mwa mji si geni kwao hata kidogo.

Mwanza ilikuwa inajulikana kwa wafanyabiashara wa Kiislamu kabla ya kuwa mji. Mwingereza Speke alipofika hapo tarehe 3 Agosti 1858 na kuliona ziwa, alimkuta mfanyabiashara wa Kiarabu, Mansur bin Salim, amekwishakaa katika nchi ya mtemi Mahaya. Vitabu vingi vya shule vinamtaja Speke kuwa ndiye aliyeligundua ziwa, na vinamsahau mwenyeji aliyempokea! Miaka ishirini hivi baadaye jina la Songoro, mfanyabiashara mwingine aliyekuwa akiunda jahazi Ukerewe, lilijulikana ziwa zima. Yeye pamoja na wamishonari wawili wa Kiingereza, Smith na O'Neill, waliuawa huko Ukerewe Desemba 1877 katika ugomvi na mtemi Lukonge.

Katika zama hizo ardhi ya Usukuma haikuwa ikiuzwa. Mtemi ndiye aliyekuwa msimamizi wake, na chini yake wanangwa waliigawa kwa wenye kaya. Aliyelima alikuwa na haki ya alicholima, na akiondoka shamba lilirudi katika mikono ya jamii ili apewe mwingine. Palikuwapo pia ngitili, yaani eneo la malisho lililofungwa makusudi wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Mgeni akipita huliona ngitili kama pori lisilo na mwenyewe. Jambo hili tulikumbuke, maana ndilo lililoleta balaa.

Wajerumani walijenga kituo chao Mwanza mwaka 1892. Miaka mitatu baadaye, tarehe 26 Novemba 1895, Kaisari alitoa amri juu ya ardhi ya koloni zima la Afrika Mashariki ya Kijerumani: ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola, isipokuwa ile ambayo watu binafsi, machifu au jamii za wenyeji wataweza kuthibitisha haki yao juu yake. Tazama ujanja uliomo ndani ya maneno haya. Mzigo wa kuthibitisha alitwishwa mwenyeji, ambaye hakuwa na karatasi. Yule aliyefika juzi hakuhitaji kuthibitisha chochote. Ngitili likawa pori, shamba lililopumzishwa likawa pori, na pori likawa la Kaisari.

Mjini kwenyewe mgawanyo ulikuwa wa wazi: wakubwa juu ya vilima vyenye upepo, maduka ya Wahindi na Waarabu chini karibu na gati, na Waafrika pembeni. Nyumba ya Gunzert, aliyekuwa mkuu wa wilaya hadi vita, ilijengwa kilimani ikitazama ziwa. Waingereza waliuteka mji tarehe 14 Julai 1916, wakakuta mpango ule unawafaa nao, wakaendelea nao. Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 1923 ilikwenda mbali zaidi: ardhi yote ya Tanganyika, iliyokaliwa na isiyokaliwa, ikatangazwa kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Mwaka 1928 ndipo sheria ilipotamka kuwa mwenyeji anayekaa kwa mila naye ana haki ya kukalia.

Mwaka huohuo wa 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Pamba ikapata njia, na mji ukapata watu. Kirumba, Kitangiri, Nyamanoro, Pasiansi: hivi ndivyo vitongoji vya kaskazini vilivyobeba wapagazi, makuli, mafundi na wavuvi ambao mji ulihitaji kazi yao lakini haukuwawekea nafasi ya kulala. Baada ya mwaka 1955 palikuwa na shirikisho kubwa la vyama vya ushirika vya pamba, Victoria Federation, chini ya Paul Bomani, na makao yake yalikuwa hapahapa. Fedha za pamba zilijenga nyumba nyingi za udongo na bati kuliko Serikali ilivyopata kupima viwanja.

Baada ya uhuru hali haikubadilika kwa wepesi. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, kwa hiyo yule mtemi aliyekuwa msimamizi wa ardhi aliondoka. Mwaka 1972 halmashauri za miji nazo zikavunjwa, zikarudishwa mwaka 1978. Kwa miaka sita, basi, mji uliokuwa ukikua kila siku haukuwa na baraza lake. Katika muda huohuo, kuanzia 1974, Mwanza iliwekwa pamoja na Dar es Salaam na Mbeya katika mradi wa viwanja uliokopeshwa fedha na Benki ya Dunia: kwingine vilipimwa viwanja vipya na kuchongwa barabara kabla watu hawajajenga, kwingine mitaa iliyokwisha jengwa ikaingiziwa barabara na maji. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha maeneo ya mradi huo nchini, ukakuta kwamba baada ya miongo kadhaa nyumba za viwanja vilivyopimwa mapema zilikuwa bora kuliko zile za maeneo yaliyofikiwa baada ya watu kujenga. Kuchonga njia kabla ya nyumba ni jambo la kale. At-Tabari amepokea kwamba ulipopangwa mji wa Kufa katika ukhalifa wa Umar (r.a.), njia kuu zilipewa upana wa dhiraa 40, zinazofuata 30, kisha 20, na vichochoro 7. Anayejaribu kupitisha jeneza baina ya majabali ya Kirumba atafahamu thamani ya dhiraa saba.

Kisha likaja suala la sangara. Viwanda vya minofu vilijengwa kandokando ya ziwa, na soko la mwaloni Kirumba likawa kituo cha samaki na dagaa wanaokwenda hadi Kongo. Watu wakaongezeka, wakapanda vilimani. Mwaka 2000 Mwanza ikapewa hadhi ya jiji. Mwaka 2012 ikagawanywa, Ilemela ikawa manispaa peke yake na makao yake yakawekwa Buswelu, mahali ambapo wazee wengi wanapakumbuka kuwa ni mashamba. Katika sensa ya mwaka 2022 Ilemela pekee ilikuwa na watu zaidi ya laki 5. Inafaa kulinganisha na mji mkuu wa hao waliotutolea amri ya 1895. Berlin ilikuwa imezungukwa na miji midogo na vijiji, na tarehe 1 Oktoba 1920 sheria iliviunganisha vyote, miji 7 pamoja na jamii 59 za vijijini na maeneo 27 ya mashamba makubwa, vikawa mji mmoja wenye wilaya 20. Wao waliunganisha pembezoni na kitovu ili kodi ya matajiri wa nje isaidie katikati. Mwanza imetenganisha. Mimi sioni kuwa moja ni haki na jingine ni dhuluma, ila aliyekuwa na kiwanja mpakani alibadilishiwa ofisi ya kuulizia faili lake.

Sasa tuje kwa mafuqahaa. Mlango unaohusika unaitwa ihyaaul-mawaat, kuhuisha ardhi iliyokufa. Asili yake ni hadithi inayojulikana, kwamba mwenye kuihuisha ardhi isiyokuwa ya mtu ana haki nayo. Maimamu wamekubaliana juu ya asili hii, wakahitilafiana juu ya ruhusa. Abu Hanifa amesema hapana budi imamu, yaani mtawala, atoe idhini. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wamesema si sharti, na ndiyo kauli ya Shafi na Ahmad. Abu Yusuf katika kitabu chake alichomwandikia Harun ar-Rashid amemtolea hoja mwalimu wake: watu wawili wakitaka mahali pamoja, ni nani mwenye haki zaidi? Idhini inakata ugomvi. Ama Malik, yeye amepambanua. Ardhi iliyo mbali na makazi haihitaji idhini, na iliyo karibu, ambayo watu wanaigombania, inahitaji. Ukiisoma kauli hii ya Malik ukiwa Buswelu utadhani aliishi Buswelu.

Lakini kabla ya idhini kuna swali la kwanza: je, ardhi hiyo ni mawaat kweli? Mafuqahaa wa Kishafi wamesema kila makazi yana hariim yake, yaani eneo linaloyazunguka ambalo watu wanalihitaji, wakataja mahali pa kukutania, pa kupumzishia ngamia na farasi, hata jaa la majivu. Hariim haihuishwi na mtu mmoja akaimiliki. Ngitili la Wasukuma linaingia humu bila shaka yoyote. Kwa hiyo ile amri ya 1895, kwa mizani ya fiqhi, iliita mawaat kitu kisichokuwa mawaat. Na dalali wa leo anayeuza malisho ya kijiji anafuata nyayo za Kaisari, ingawa hajui.

Kuna pia mas-ala ya yale mawe manne. Kuweka mawe au kuzungushia uzio bila kujenga wala kulima kunaitwa tahjiir, na si kuhuisha. Mwenye kuweka alama anapata utangulizi tu, yaani yeye ni bora kuliko mwingine kwa muda. Imepokewa kwa Umar (r.a.) kuwa aliyeweka alama kisha akaiacha ardhi miaka mitatu hana haki tena, na yeye ndiye aliyemwambia Bilal bin al-Harith arejeshe sehemu ya bonde la Aqiq asiyoweza kuilima, japo alipewa na Mtume (s.a.w.). Nawawi katika Minhaj ameieleza kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu: mwenye tahjiir hawezi kuuza, na mtu mwingine akiihuisha ardhi ile anaimiliki huyo mwingine. Hii ndiyo hukumu inayomgusa mnunuzi wetu wa mwanzo. Kama aliyemuuzia aliweka mawe tu, hakuna mali iliyohama, na zile pesa zinarejeshwa. Kama alilima, alijenga au alirithi kwa aliyelima, hapo kuna kitu.

Sheria ya nchi imekaribia maana hii kwa njia yake. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, iliamua katika shauri lililotoka mkoani Arusha kuwa haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba hata pasipo jengo, jasho aliloliweka mtu katika ardhi linastahili fidia ya haki. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ikabakisha ardhi yote kuwa ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, lakini ikatamka kuwa maslahi katika ardhi yana thamani na fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Katika maneno haya matatu, la tatu ndilo lenye kuwachosha watu.

Kwa mwenye kutaka kuweka wakfu jambo ni zito zaidi, kwa kuwa miongoni mwa masharti ya wakfu ni kuwa mtoaji awe anakimiliki anachokitoa. Misikiti na makaburi kadhaa katika mitaa ya nje husimama juu ya karatasi ya mtaa tu. Msikiti ukisimama juu ya hariim ya watu au juu ya mawe ya mtu asiye na haki ya kuuza, wakfu haukufungika, na wapimaji wakija na bikoni zao kamati itakuwa haina la kuonesha. Afadhali kamati iulize mapema: nani alilima hapa kabla ya muuzaji, na majirani wa pande nne wanasemaje? Kisha ikafungue faili Buswelu, kwani idhini ya mtawala ambayo Abu Hanifa aliishurutisha ndiko inakopatikana siku hizi.

Faida nyingine ndogo kwa msafiri. Uwanja wa ndege wa Mwanza upo Ilemela, na wapo wanaokusuru Sala pale wakidhani wametoka mjini kwa sababu ya mpaka wa manispaa. Katika madhehebu ya Shafi kinachozingatiwa, pasipokuwa na ukuta wa mji, ni kuyapita majengo, na vitongoji vilivyoshikana ni kama mji mmoja. Majengo yameshikana kuanzia Kirumba kupita Pasiansi. Mpaka uliowekwa mwaka 2012 hauhusiki na rakaa za mtu.